Zora Neale Hurston na haki ya kucheka

Oktoba 1937 jarida la New Masses la New York, sauti ya mrengo wa kushoto, lilichapa uhakiki wa riwaya mpya ya mwanamke Mweusi wa Florida. Mhakiki alikuwa Richard Wright, kijana wa Mississippi ambaye miaka mitatu baadaye jina lake lingevuma Marekani nzima. Hakuipenda hata kidogo. Aliona haina hoja inayoisimamisha, na kwamba wahusika wake wanacheka na kulia tu, vile vile ambavyo wasomaji wa Kizungu walikwisha kuzoea kuwatazama Weusi. Riwaya yenyewe ni Their Eyes Were Watching God. Mwandishi wake, Zora Neale Hurston, alikuwa amefanya jambo lililowaudhi wengi wa upande wake mwenyewe: katika nchi ambako mwandishi Mweusi alitarajiwa aandike machungu, yeye aliandika mapenzi ya mwanamke Mweusi, na hakumwomba mtu radhi.

Hoja ya Wright haikuwa ya kipuuzi. Alikulia Kusini, ambako Mweusi aliweza kunyongwa mtini mchana kweupe na asikamatwe mtu. Tangu karne ya 19 kulikuwa na michezo ya jukwaani ambamo Wazungu walijipaka masizi usoni wakaigiza Mweusi mchekeshaji asiye na akili, na kumbi zilijaa. Aliyekulia katika hayo ana kila sababu ya kukitilia shaka kicheko. Lakini Zora aliandika kicheko cha namna nyingine, kile cha watu wanaochekeshana wenyewe kwa wenyewe bila kumwangalia mgeni usoni kama amefurahi. Alikisikia utotoni, katika mji ambao wengi wa wasomaji wake hawakujua kwamba upo.

Eatonville ni mji mdogo kaskazini ya Orlando. Ulisajiliwa rasmi Agosti 1887, miaka ishirini na ushee tu baada ya utumwa kukomeshwa, ukiwa miongoni mwa miji ya mwanzo kabisa Marekani kuanzishwa na kuendeshwa na Weusi. Meya Mweusi, mwenye duka Mweusi, mhubiri Mweusi. Zora alizaliwa Notasulga, Alabama, tarehe 7 Januari 1891, lakini familia yake ilihamia Eatonville akiwa bado mdogo sana, na maisha yake yote alidai kwamba ndiko alikozaliwa. Baba yake, John Hurston, seremala na mhubiri wa Kibaptisti, alipata kuwa meya. Mtoto wa kike Mweusi wa zama zile, zama za sheria za ubaguzi, alikua akiwaona watu wa rangi yake wakitunga sheria, wakizigombania na kupatana, pasipo Mzungu kuulizwa lolote. Naamini hakuna kitu kilichomjenga kuliko hicho.

Roho ya mji ilikuwa kibaraza cha duka la Joe Clarke. Jioni wanaume walikaa pale wakishindana kwa uongo mtamu: visa vya Mungu na Shetani, vya mtumwa aliyemzidi bwana wake akili, vya wanyama wanaosema. Sungura mjanja alikuwa miongoni mwao, ndugu wa damu wa sungura wa ngano zetu, aliyevuka bahari vifuani mwa watu waliotekwa Afrika. Zora akitumwa dukani alijikokota makusudi ili asikie zaidi. Mazungumzo hayo hayakuwa ya watoto, na mengine hayakuwa ya wanawake pia. Hilo la pili lilimkaa rohoni, na miaka mingi baadaye alilifanya riwaya.

Mama yake, Lucy, alifariki mwaka 1904, Zora akiwa na miaka 13. Baba akaoa haraka, nyumba ikawa ya ugomvi, na binti akaanza kuhangaika: nyumba za ndugu, kazi za ndani, kisha kumtumikia mwimbaji wa kundi la maigizo lililokuwa likizunguka miji. Mwaka 1917 alikuwa Baltimore, ana miaka 26, na sekondari hajamaliza. Shule ya bure ilikuwa ya vijana. Akajipunguzia miaka kumi, akasema ana 16, akaandikishwa. Miaka ile kumi hakuirudisha tena mpaka anakufa. Kutoka pale akaenda Chuo Kikuu cha Howard, Washington, na mwaka 1925 akafika New York, harakati za sanaa za Weusi katika mtaa wa Harlem zikiwa zimepamba moto. Mei mwaka huo jarida la Opportunity lilimpa tuzo kwa hadithi yake fupi na kwa tamthilia yake. Mwaka 1926 yeye, waandishi Langston Hughes na Wallace Thurman, na wenzao wakaanzisha jarida lao, Fire!!, wakitaka sanaa isiyoomba ruhusa kwa wazee Weusi wala kwa wafadhili wa Kizungu. Lilitoka toleo moja tu.

Alikuwa pia mwanafunzi pekee Mweusi katika Chuo cha Barnard, na mwalimu wake alikuwa Franz Boas, mwanaanthropolojia mashuhuri kuliko wote nchini humo. Boas ndiye aliyemtuma Kusini kukusanya ngano na nyimbo. Fikiria zawadi hiyo: yale aliyokuwa akiyaiba kwa kujikokota mbele ya duka, sasa anatumwa kuyafuata kwa jina la elimu. Safari ya kwanza, ya mwaka 1927, haikuzaa kitu cha maana. Aliwauliza watu kwa Kiingereza cha chuoni kama wanajua ngano, na watu, kwa adabu zote, wakamwambia labda kijiji cha pili.

Alijifunza. Mapema mwaka 1928 alikwenda Loughman, katika wilaya ya Polk, kwenye kambi ya wapasua mbao, mahali ambapo waliotoroka sheria walijichanganya na vibarua wengine na bwana kambi hakuuliza. Wakamwona ana gari na gauni la dola 12.74 kutoka New York, ilhali wanawake wa pale wamevaa la dola 1.98. Wakadhani ni mpelelezi wa serikali. Akawaambia naye anakimbia polisi, kwa kosa la kuuza pombe ya magendo, na hapo wakamkaribisha. Usiku alikaa nao kwenye vilabu vya dansi na kamari, akaimba nao, akacheza nao, bastola ikiwa kwenye mkoba. Mwanamke mmoja wa pale, ambaye katika kitabu anamwita Big Sweet, alimchukua chini ya ulinzi wake. Usiku mmoja mwanamke mwingine alipomjia na kisu kwa wivu, Big Sweet ndiye aliyejitia katikati, na Zora akakimbilia gari lake bila kuaga.

Kazi hiyo ilitoka mwaka 1935 kwa jina la Mules and Men, na sijui kitabu kingine cha elimu ya mapokeo kinachoonyesha mkusanyaji akifurahi kiasi hicho. Ngano hazikupangwa kama vielelezo vya makumbusho. Zimeachwa ndani ya mazungumzo, mtu anamkatiza mwenzake, mke anamchokoza mumewe, mmoja anaondoka amekasirika. Mwaka mmoja kabla yake Zora alikuwa ameandika insha kuhusu namna Wamarekani Weusi wanavyojieleza, na jambo moja alilolisisitiza ni hamu ya kupamba. Kupamba usemi, kupamba mwili, kupamba chumba. Anaeleza sebule moja aliyoiona Mobile, Alabama, yenye kalenda saba ukutani na mapambo kila penye nafasi. Msomaji aliyekulia katika nyumba yenye vitambaa vya kufuma juu ya kila kiti, redio na hata birika, atamwelewa mwenye sebule ile mara moja. Mgeni angecheka kwa dharau. Zora aliona pale kanuni ya sanaa: uzuri hauwezi kutosha kamwe, seuze kuzidi.

Sasa, wanaomshutumu kwamba alikimbia uchungu wanapaswa kwenda naye Mobile hiyo hiyo. Mwaka 1927 na 1928 alimtembelea mzee Cudjo Lewis, ambaye jina lake la kwao lilikuwa Oluale Kossola. Alitekwa katika eneo ambalo leo ni Benin, akapakiwa kwenye jahazi la Clotilda na kufikishwa Alabama mwaka 1860, zaidi ya miaka hamsini baada ya sheria ya Marekani kuupiga marufuku uingizaji wa watumwa. Alikuwa mmoja wa watu wa mwisho kabisa walio hai waliokumbuka kuvuka bahari ile. Zora hakumhoji kwa haraka. Alimpelekea mapichi na tikiti maji, wakala pamoja, na siku nyingine mzee hakutaka kusema, wakaishia kula tu. Mzee alimsimulia kuangamizwa kwa mji wake, na pia mke wake aliyempenda na watoto aliowazika mmoja baada ya mwingine. Zora alipotaka kumpiga picha, Kossola alivaa suti yake nzuri na kuvua viatu, ili aonekane kama yuko Afrika. Wachapishaji walimtaka Zora ageuze maneno ya mzee kuwa Kiingereza sanifu. Akakataa, na kitabu hicho, Barracoon, kikakaa miongo mingi bila kuchapwa. Kilitoka mwaka 2018.

Kwa hiyo mwandishi wa riwaya ya mapenzi ya mwaka 1937 ni mtu aliyekwisha kukaa ana kwa ana na utumwa, akausikia kwa sauti ya aliyeuzwa. Aliposhika kalamu kuandika furaha, alijua vizuri sana kinyume chake.

Riwaya aliiandika Haiti, mwishoni mwa mwaka 1936, kwa majuma saba. Alikuwa huko kwa ufadhili wa taasisi ya Guggenheim, na nyuma yake New York alikuwa amemwacha mwanamume aliyempenda kuliko wote, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia ambaye Zora alimzidi umri kwa mbali. Kijana alitaka waoane na Zora aache kazi. Zora alikuwa tayari kwa mambo mengi, si kwa hilo. Baadaye alieleza kwamba kisa cha riwaya si chao, lakini upole wote wa mapenzi yale aliutia humo.

Kisa ni cha Janie, aliyelelewa na bibi yake aliyezaliwa utumwani. Bibi anamwoza akiwa binti mdogo kwa mzee mwenye shamba, kwa sababu kwake yeye heri ya mwanamke Mweusi ni kupata mahali pa kukaa asifanywe punda wa wengine. Hesabu ya bibi ni ya mtu aliyeteswa, na Zora hamdhihaki. Ila Janie anataka zaidi ya usalama. Anamkimbia mzee na kwenda na Joe Starks, mtu wa maneno makubwa, wanafika Eatonville ile ile ya kweli, Joe anafungua duka na kuwa meya. Na hapo Zora analipa deni la utotoni. Joe anamkalisha mkewe dukani kama pambo, anamfunga nywele kwa kitambaa, na kumkataza kushiriki soga za kibarazani. Miaka karibu ishirini Janie anasikia kicheko kwa nje, akipima unga na kuuza sabuni.

Joe anakufa. Siku moja, mji mzima umekwenda kutazama mpira, anaingia mwanamume mgeni, mdogo kwake kwa miaka kama kumi na miwili, anaitwa Tea Cake. Anamuuliza kama wacheze drafti. Janie hajui. Hakuna aliyewahi kumfundisha, na mumewe alisema mchezo ule si wa kichwa chake. Tea Cake anapanga kete na kumfundisha pale pale, wanabishana, anajaribu kumla kete kwa ujanja, Janie anakataa kuliwa. Katika kurasa hizo hakuna busu wala ahadi. Kinachomfurahisha Janie ni kwamba kuna mtu aliyeona ni jambo la kawaida kabisa kwamba naye acheze. Kwangu mimi hiyo ndiyo sehemu yenye mapenzi mengi kuliko zote katika riwaya hii, na nadhani ndiyo ambayo Wright aliipita bila kuiona. Mwanamke wa miaka arobaini anaalikwa kwenye mchezo, na dunia yake inabadilika. Kama hiyo si dhamira ya riwaya, basi sijui dhamira ni nini.

Wanaondoka pamoja kwenda mashamba ya maharage kando ya Ziwa Okeechobee. Janie, mjane wa meya, anavaa ovaroli, anavuna maharage, anajifunza kulenga bunduki mpaka anampita mwalimu wake. Jioni nyumba yao inajaa watu, na yeye sasa naye anasimulia, naye anachekesha. Kibaraza amekipata mwisho, mbali na duka.

Hata hivyo Zora hakuandika mapenzi ya pipi. Tea Cake anampiga Janie, kwa wivu, ili wengine wajue nani mwenye mke, na majirani wanaona ni dalili ya mapenzi mazito. Wasomaji wengi wa leo wanakwama hapo, na wana haki. Wengine hujaribu kumtetea Tea Cake, mimi siwezi. Ninachoweza kusema ni kwamba mwandishi aliyetaka kutudanganya angeliacha tukio hilo nje. Kisha inakuja tufani, ile ya kweli ya mwaka 1928 iliyopasua tuta la Okeechobee na kuua watu zaidi ya 2,000, wengi wao vibarua Weusi. Tea Cake anang'atwa na mbwa mwenye kichaa akimwokoa Janie majini, ugonjwa unampanda kichwani, anamwelekezea mkewe bastola, na Janie, aliyefundishwa naye kulenga, inambidi afyatue. Anarudi Eatonville peke yake na kumsimulia rafiki yake Pheoby kila kitu, miguu ikiwa ndani ya maji. Hajutii.

Sifa hazikumlisha. Mrabaha mkubwa kabisa aliowahi kuupata kwa kitabu kimoja ulikuwa dola 943.75. Kabla ya hapo kazi yake ya ukusanyaji iliendeshwa kwa fedha za mfadhili mmoja tajiri wa Kizungu aliyempa dola 200 kwa mwezi kwa mkataba uliomfanya mfadhili huyo mwenye mali ya kila ngano na kila wimbo uliokusanywa. Katika mikono hiyo alilazimika kunyenyekea kwa namna inayoumiza kuisoma.

Machi 1950 magazeti ya Miami yaligundua kwamba kijakazi wa nyumba moja ya kitajiri ni Zora Neale Hurston. Bibi mwenye nyumba alikuwa amefungua jarida akakuta hadithi iliyoandikwa na mtu anayempangusia vumbi. Mwezi uliofuata Negro Digest likachapa insha ya Zora kuhusu mambo ambayo wachapishaji wa Kizungu hawakubali kuyachapa. Hoja yake ni hii: watachapa Mweusi anayenyongwa na Mweusi anayechekesha, lakini hadithi ya Weusi wawili wa kawaida wanaopendana, wenye mawazo yao na aibu zao, wataiona haiuziki, kwa kuwa hawaamini kwamba ndani ya watu hao kuna chochote. Na ambaye huamini kwamba anapenda, huwezi kumwona kuwa ni mtu kama wewe. Nikiisoma insha hiyo nikijua alikuwa anaishi vipi mwezi ule, nashindwa kuelewa aliitoa wapi nguvu ya kuiandika kwa utulivu vile.

Imani yake kwamba watu wake wametimia bila Mzungu ilimpotosha pia. Mwaka 1955 aliandika barua gazetini kupinga hukumu ya Mahakama Kuu iliyokomesha utenganishaji wa shule kwa rangi. Aliona ni tusi kudhani kwamba mtoto Mweusi hawezi kusoma mpaka akae karibu na Mzungu. Alikuwa sahihi kuhusu tusi, na alikosea kuhusu shule: zile za Weusi zilinyimwa fedha kwa makusudi miaka mingi, na fahari ya Eatonville haikuweza kununua vitabu vya watoto wa Mississippi.

Alifariki tarehe 28 Januari 1960 katika nyumba ya kutunzia maskini, Fort Pierce, Florida. Watu walichanga ili azikwe, na kaburi halikuwekwa jiwe. Karatasi zake zilikuwa zikichomwa moto uani wakati naibu sherifu aliyemfahamu alipopita, akashika mpira wa maji na kuuzima. Kurasa zilizosalia zimo Chuo Kikuu cha Florida, nyingine kingo zake zimeungua. Agosti 1973 Alice Walker, wakati huo mwandishi kijana, alijitosa kwenye majani marefu ya makaburi ya Fort Pierce akijifanya mpwa wa marehemu ili watu wamwonyeshe njia. Akanunua jiwe, akaandikisha mwaka wa kuzaliwa 1901, ule wa uongo wa Baltimore. Makala yake ilitoka katika jarida la Ms. mwaka 1975, wasifu wa Zora ulioandikwa na Robert Hemenway ukafuata mwaka 1977, riwaya ikachapwa upya mwaka 1978, na leo inasomeshwa katika shule na vyuo vingi vya Marekani. Eatonville imemfanyia tamasha kila mwaka tangu 1990.

Anayetaka kumjua kwa sauti yake anaweza kuisikia bila malipo. Juni 1939, katika mradi wa serikali wa kukusanya mapokeo ya Florida, aliimba mbele ya mashine ya kurekodia mjini Jacksonville, na rekodi hizo zimehifadhiwa katika Maktaba ya Bunge, Washington. Zimo nyimbo za mafundi reli, za wacheza kamari, za vilabu vya dansi. Anaeleza namna anavyozikusanya: anajichanganya na umati, anaimba pamoja nao, wanamsahihisha mpaka waridhike kwamba ameupata wimbo, ndipo anaondoka nao kichwani. Kuna mmoja wenye utani wa kikubwa hasa, ambao anasema hauimbwi mbele ya mabibi wenye heshima zao. Anauimba wote.